Trekta Lililojua Kukataa

Tangu asubuhi nilikuwa sikai. Nikikaa nainuka, nikiinuka natembea, kutoka barazani hadi uani, kutoka uani hadi chumbani kwa mama, na kila nikirudi uani nakuta mambo ni yale yale: fundi kainama, baba mdogo kashika kiuno, trekta limenuna. Fundi akipiga selfu, linaguna, linatikisika kidogo kama mtu mzima anayetaka kuinuka kwenye mkeka, halafu linatulia. Hata moshi halitoi.

Mimi nimeumbwa na haraka. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa mkunga hajavua viatu, na tangu hapo sijapunguza mwendo. Mtu wa namna hii usimweke mbele ya chombo kilichogoma ukamwambia asubiri. Nilimuuliza fundi amefikia wapi mara nyingi hata akaacha kunijibu kwa mdomo. Nikiuliza, anagonga chuma kwa spana, na mimi nielewe nitakavyoelewa.

Kilichonikosesha raha si trekta peke yake. Masika yalikuwa yamebisha hodi. Upande wa bahari mawingu yalikuwa mazito, upepo umegeuka, na mashamba yote kuanzia kwetu hadi barabara ya Horohoro yalikuwa yameshalimwa, udongo mwekundu uko wazi unasubiri mbegu. La mama peke yake lilikuwa bado nyasi. Na juu ya hilo, baba mdogo alikuwa ameshaagana na mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye alikuwa njiani kutoka mjini na lori lake, aje baada ya adhuhuri. Trekta likiwaka kabla hajafika, linabaki nyumbani, linalima shamba la mama. Lisipowaka, linapandishwa lorini vipande vipande.

“La kuvunda halina ubani,” baba mdogo alisema jana yake, huku anatazama pembeni. “Chuma kikinyeshewa kinaliwa na kutu. Afadhali liondoke lingali na uzito.”

Sikumchukia. Alikuwa amemzika kaka yake, na kila alipoliona lile trekta chini ya banda la makuti alimwona kaka yake hayupo juu ya kiti. Lakini mama naye alikuwa na neno lake, na neno hilo lilipitia kwangu kwa sababu yeye alikuwa kwenye eda, amevaa meupe, hatoki nje wala haongei na wanaume wasio maharimu wake. “Mwambie shemeji yangu,” aliniambia, “lisiuzwe mimi nikiwa ndani. Nikitoka eda nikalikosa trekta na shamba limekuwa pori, nitakuwa nimetoka kwenda wapi?” Nilimpelekea ujumbe huo kama ulivyo. Baba mdogo akaufikiri, akasema haya, tulete fundi, likiwaka kabla ya lori kufika ni la shemeji, lisipowaka asinilaumu.

Kwa hiyo ndiyo maana nilikuwa sikai.

Inafaa niseme kwanza trekta lile lilikuwa la namna gani. Baba alilinunua kutoka shamba la mkonge alilolitumikia ujana wake wote, siku mkonge ulipoacha kulipa na mashine zikauzwa. Lilikuwa jekundu zamani. Tangu tukiwa wadogo lilikuwa na sifa moja iliyojulikana hadi vijiji vya juu: lina kisirani. Baba akilipanda yeye, linawaka. Akija mtu kuliazima, linagoma. Si kwamba baba alikuwa mchoyo. Aliyetaka kulimiwa na baba mwenyewe alilimiwa, mradi shamba lake halina visiki. Aliyetaka kulichukua, aliendeshe mwenyewe, alikaribishwa vilevile. Baba alikuwa akimwambia, “Ndugu yangu, pole sana, umekuja siku lina kisirani. Lakini hili ni lako, lichukue ukiweza. Panda ujaribu.” Mtu anapanda, anapiga selfu, trekta linaguna, basi. Anashuka, baba anampa pole nyingine, anamkalisha, anakunywa kahawa. Mgeni anaondoka anamwonea baba huruma.

Huku kwetu mtu hamwambii ndugu au jirani “la” usoni. Atasema inshallah, atasema tutatazama, atasema rudi Ijumaa. Neno “la” lenyewe tunaliogopa, kwa sababu ukishalitoa halirudi, na jirani yako ndiye atakayebeba jeneza lako. Mimi ndiye niliyekuwa tofauti nyumbani. Mimi hapana yangu huwa mdomoni tayari, hata kwa mkwe, na nilikuwa najivunia hilo.

Na mimi pia niliwahi kwenda kuliazima.

Ilikuwa kabla baba hajaugua. Mume wangu ana shamba la urithi kule Horohoro, yeye na ndugu zake, na walitaka kulifyeka na kulilima lote kwa mpigo. Naishi naye Usagara, na kila jioni ilikuwa ni hiyo hiyo: kamwambie baba yako, baba yako ana trekta, mimi ni mkwe nitasemaje, kaseme wewe. Nikaenda. Baba akanisikiliza, akanishika mkono, akanipeleka bandani. “Mwanangu, mali ya baba ni yako. Panda.” Nikapanda mimi mwenyewe, na gauni langu, nikapiga selfu hadi ikaanza kuchoka. Halikuwaka. Baba alisimama pembeni, kofia mkononi, anatazama magurudumu. Nilimwonea huruma. Nikasema, betri hii imezeeka, baba, ndiyo inayokusumbua.

Wiki iliyofuata nikaenda Ngamiani, nikazunguka maduka ya vipuri, nikanunua betri mpya, nzito, ikafungwa nyuma ya baiskeli hadi kwenye gari, nikampelekea. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akasema tu, “Mungu akubariki, mwanangu,” akaangalia chini. Nikadhani ni furaha ya mzee. Haukupita muda presha ikampiga, akalala, hakuinuka tena.

Tangu siku hiyo trekta halikuguswa hadi asubuhi ninayoisimulia.

Fundi alikuwa Msambaa, mtu wa maneno machache, tuliyeletewa kutoka Muheza. Alianza na betri. Akaipima, akaguna. “Hii betri aliyeinunua alikuwa na nia njema,” akasema, nami nikavimba kichwa. Ikaja zamu ya nyaya, akazisugua. Akaja kwenye mafuta. Akatazama tangini: dizeli ipo. Akatazama koki ya chini ya tangi: imefunguliwa. Akalegeza skrubu ya juu ya filta ili atoe hewa, akawa anapampu kwa kile kikono kidogo cha pembeni. Ukipampu hivyo, hutoka mapovu kwanza, halafu mafuta safi, ndipo unakaza. Yeye alipampu hadi jasho likamdondoka puani. Hayakutoka mapovu wala mafuta.

“Mafuta hayafiki,” akasema.

“Hilo hata mimi naliona,” nikasema.

Akagonga chuma kwa spana.

Wakati huo ndipo alipoingia mzee jirani, yule ambaye shamba lake linapakana na letu upande wa minazi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akavua viatu kana kwamba anaingia msikitini, akaja akaweka kiganja juu ya boneti ya trekta, akasoma dua yake kwa sauti ya chini, akapuliza. Mzee huyu alikuja kuliazima trekta kila msimu kwa miaka yote niliyokuwa na akili, na kila msimu liligoma, na kila lilipogoma alilisomea dua, ili angalau mwenye trekta apate kulitumia. Na kweli, alikuwa akishaondoka tu linawaka. Hilo alilihesabu kuwa ni karama yake.

“Marehemu baba yako,” akaniambia, machozi yamemlengalenga, “hajapatapo kuninyima. Hata mara moja. Kila nilipokuja alinambia, lichukue, ni lako. Hiki chuma tu ndicho kilichokuwa kikikataa. Mungu amrehemu, hakuna jirani kama yule.”

“Amina,” akasema baba mdogo.

Nikasema amina na mimi, nikaenda kutazama barabara. Lori halikuonekana. Nikarudi. Nilikuta fundi amelala chini ya trekta, mkono wake umefuata bomba la mafuta kutoka tangini. Karibu na kasha la betri, bomba lile lilikuwa limezungushiwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekazwa, umefanya uvimbe kama goti. Hakuna gari wala pikipiki huku isiyokuwa na mpira kama huo mahali. Bomba likivuja unalifunga mpira, na ukishalifunga huligusi tena, maana ukigusa ndipo linapoanza kuvuja upya. Mpira huo nimeuona tangu utotoni, na sikuwahi kuufikiria zaidi ya ninavyofikiria kifungo cha shati la mtu.

“Bomba limeziba hapa,” fundi akasema kutoka chini. “Limeoza ndani. Hebu nipe kisu. Naukata huu mpira, nalikata na bomba, naunga upya.”

“Kata,” akasema baba mdogo.

Hapo nikasikia dirisha la mama. Alikuwa anagonga nondo za dirisha kwa pete yake, haraka haraka, kama anayefukuza kuku kwenye mahindi. Mama si mtu wa kugonga. Tangu eda ianze sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ikawa ya kunong'ona. Nikakimbia ndani.

Nilimkuta amesimama katikati ya chumba.

“Asikate,” akasema. “Mzuie. Asiukate ule mpira mbele ya watu.”

“Mama, lori linakuja.”

“Najua lori linakuja. Nisikilize. Chini ya ule mpira pana koki nyingine.”

Sikuelewa. Nilimwambia koki iko chini ya tangi na fundi ameshaiona iko wazi.

“Nyingine,” akasema. “Ndogo. Baba yako aliitia mwenyewe akaifunga mpira juu. Hufungui mpira. Unaminya kwa vidole, unasikia kichwa cha koki, unakizungusha. Akija mtu kuazima, anaingia bandani kumtazamishia trekta, anapitisha mkono pale. Mtu akiondoka anaizungusha tena, anatoa hewa, linawaka.”

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Kisha nikaanza kucheka, nikaona mama hacheki, nikaacha. Aijuaye siri ya mtungi ni kata. Miaka yote ile mama alikuwa akiwatilia kahawa watu waliogomewa na trekta, akiwapa pole.

“Yule mzee pale nje,” mama akasema, “akijua, atamsema nini marehemu? Na wengine wote? Maiti husitiriwa, mwanangu. Tulimwosha tukamfunika kila kitu. Nikamfunue leo kwa kisu cha fundi?”

“Sasa kwa nini hukuniambia tangu asubuhi? Nimezunguka hapa kama pia!”

Mama akakaa kitandani. Akapanga ukingo wa shuka kwa vidole, akaupanga tena.

“Nilijua imefungwa,” akasema. “Aliifunga mwisho ikabaki hivyo, akaugua. Nilikuwa naomba Mungu liwake hivyo hivyo. Kukwambia wewe ndiyo ilikuwa kazi.”

“Kazi gani?”

“Wa mwisho kuja kuazima nani?”

Nje baba mdogo alikuwa anauliza kisu kiko wapi, na mimi nilikuwa naiona ile siku bandani: gauni langu, kofia ya baba mkononi, selfu inachoka. Alikuwa ameshapitisha mkono. Alinishika mkono mmoja akanipeleka bandani, na kwa mkono wa pili akafanya alilolifanya.

Niliumia. Sina neno jingine. Niliona uchungu na haya pamoja, na kwa hasira nikauliza kwa sauti ambayo mjane hastahili kuulizwa, “Hata mimi? Mimi mtoto wake?”

“Wewe ndiye uliyemshinda,” mama akasema. “Hao wengine alikuwa akirudi ndani anacheka. Siku yako hakula. Alijua likienda Horohoro, wale ndugu wa mumeo ni wengi, kila mmoja na shamba lake, halitarudi. Lakini akwambie la, wewe? Uliyetoka Usagara na jua lile? Ulipokuja na betri ndiyo kabisa. Aliiweka hapa miguuni pa kitanda, akaitazama usiku kucha kama amana ya mtu, kesho yake ndipo akaifunga kwenye trekta.”

Nilitaka kukaa chini nilie, au niondoke niende zangu barabarani nitembee hadi mjini. Lakini nje mtu alisema, “Hiki hapa kisu,” na miguu yangu, kwa tabia yake, ilikuwa imeshatoka.

Nilifika uani nikakuta fundi keshashika mpira kwa mkono wa kushoto na kisu kwa mkono wa kulia. Nikapiga kelele, “Chai tayari!”

Watu wote wakanitazama.

“Chai tayari,” nikasema tena. “Mama amesema hakuna mtu atakayefanya kazi na njaa kwenye nyumba yake, na mkiikataa chai ya mjane mtakuwa mmemvunja moyo. Mihogo ya nazi imeshapoa, jamani, nyinyi ni watu wa wapi?”

Hapo niliwapata. Fundi aliweka kisu juu ya gurudumu. Huku kwetu unaweza kukataa pesa, lakini chakula cha nyumba yenye eda hukikatai, utaonekana una kisasi na marehemu. Wakaenda kunawa. Nikawaandalia mkeka barazani, upande wa mbele ambao hauoni uani, chai ya tangawizi, mihogo niliyokuwa nimeipika kwa ajili ya mchana, na vipande vya changu wa kukaanga. Mzee jirani akaanza kwa bismillah ndefu. Nikamshukuru moyoni kwa urefu wake.

Nikarudi uani kwa miguu ya kunyata, mimi niliyezoea kutembea kama ninadaiwa. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono pembeni ya kasha la betri. Mpira ulikuwa laini, umeng'aa mahali pamoja, mahali pa kidole gumba. Nikaminya. Kweli, ndani yake palikuwa na kichwa kidogo kigumu. Nikakizungusha, kikazunguka bila shida, kama kilichotiwa mafuta jana. Skrubu ya juu ya filta fundi aliiacha imelegea. Nikashika kile kikono nikaanza kupampu. Mara ya kwanza hapakutoka kitu. Kisha pakatoka sauti ya kufyonza, kisha povu, kisha povu zaidi, kisha dizeli safi ikanitiririkia vidoleni. Nikakaza skrubu kwa spana ya fundi, nikafuta mikono kwa kanga yangu, na ile kanga ndiyo niliyokuja nayo kutoka Usagara kwa kujidai.

Dirishani mama alikuwa amesimama nyuma ya pazia. Nilimwona kivuli tu.

Walipomaliza kula, fundi alikuja akachukua kisu chake. Nikamwambia, “Fundi, kabla hujakata, jaribu mara moja ya mwisho. Mzee ameshalisomea dua, pengine ilikuwa inasubiri ushibe.”

Alinitazama usoni. Akatazama filta, iliyokuwa imelowa. Akatazama kanga yangu. Nilimkazia macho nikiomba kimoyomoyo. Akaweka kisu mfukoni.

“Hewa wakati mwingine hujitoa yenyewe,” akasema, akapanda.

Selfu ikaguna, ikaguna, nikaisikia betri yangu inavuta bila kuchoka, na mara trekta likakohoa, likatema moshi mweusi hadi kwenye makuti, likanguruma. Kuku walitawanyika. Baba mdogo akapiga kelele ambayo sijapata kuisikia kwake, nusu takbiri nusu kilio, kisha akaegemea nguzo ya banda akajifunika uso kwa kofia. Mzee jirani alikaa chini palepale mchangani, viganja juu.

“Nimeambiwa mimi!” alikuwa akisema. “Nimeambiwa mimi tangu zamani kwamba dua yangu inakubaliwa kwenye hiki chuma!”

Lori la chuma chakavu lilifika injini ikiwa inanguruma bado. Mnunuzi alishuka, akasikiliza kidogo, akasema hongereni, akaomba maji ya kunywa. Fundi akapata usafiri wa bure hadi njia panda. Alipokuwa anapanda lori aliniambia polepole, “Dada, ule mpira umefungwa vizuri. Asiuguse mtu.” Nikamwambia amina, sijui kwa nini.

Baba mdogo ndiye aliyelima. Alikunja kanzu, akaomba radhi kwa marehemu kwa sauti, akapanda. Nililifuata jembe kwa miguu mwanzo hadi mwisho wa mstari wa kwanza, nikipiga kelele kwamba anakwenda upande, na yeye anapiga kelele kwamba nikae kimya. Hadi alasiri alikuwa amelima kiasi cha nusu. Wingu lilikuwa limekaribia, linanusa. Walipoadhini akalirudisha trekta uani, lakini hakulizima. Hakuna aliyethubutu. “Lizime nani aliwashe tena?” akasema. “Liache linanguruma, tunaswali tunarudi, tunamaliza kabla ya mvua. Wewe lilinde.” Wakaenda msikitini, yeye na mzee jirani, wanazungumza kama watu waliotoka harusini.

Nikabaki mimi na trekta, na mama dirishani. Nilisimama pale nikilitazama linavyotetemeka, na ile furaha ya mchana ilikuwa imeshanitoka. Nilikuwa na maneno ya kumwambia baba, na hapakuwa na mtu wa kuyapokea. Ningemwambia: ungesema tu. Ningemwambia: mimi si ndiye mtoto wako anayejua kusema na kuambiwa la?

Simu ikalia. Mume wangu.

“Nasikia limewaka!” akasema. Baba mdogo alikuwa ameshamtangazia kila mtu. “Hilo ninalolisikia ndilo lenyewe? Alhamdulillahi! Sasa sikia. Leo hii hii lije huku. Nimeshazungumza na kaka zangu, dereva yupo, usiku wanalala shambani kesho alfajiri wanaanza. La mama litamaliziwa likirudi.”

“Nusu bado haijalimwa,” nikasema.

“Litarudi. Si wiki moja tu? Mvua yenyewe bado.”

Tone moja lilinipiga kwenye mkono.

Nilifungua mdomo niseme hapana. Niliitafuta ile hapana yangu, iliyokuwa mdomoni siku zote, hata kwa mkwe. Nikamfikiria mume wangu amesimama mlangoni Usagara, ametabasamu, ameshawaambia kaka zake mke wangu hawezi kuninyima. Nikafikiria chakula cha usiku kinavyoliwa kimya kwenye nyumba yenye neno. Hapana haikutoka. Mkono wangu ulikuwa umeshashuka pembeni ya kasha la betri. Nikaminya pale palipong'aa, nikazungusha.

“Nakusikia,” nikasema. “Mali ya baba ni yetu sote. Waje walichukue.”

“Ahsante! Nilijua tu. Basi nawapigia—”

Trekta liliendelea kunguruma kama halijui kitu. Akaniuliza habari za mama, nikamjibu. Akauliza kama nimekula, nikamjibu. Kisha mngurumo ukapungua, ukapanda, ukapungua, likakohoa mara mbili, na uani pakawa kimya hata nikasikia makuti.

“Halo? Limekuwaje?”

“Limezima,” nikasema.

Nilijitayarisha kwa lawama zake. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya chini, ya huruma, sauti ambayo huitumia kwangu mtoto wetu akiwa na homa.

“Pole, mke wangu,” akasema. “Pole sana. Na tangu asubuhi umehangaika nalo. Itakuwa ni betri hiyo, imekaa muda mrefu. Kesho nitapita Ngamiani nikununulie nyingine. Nitakuletea mwenyewe.”

Nikaangalia chini. Palikuwa na mchanga, matone machache, na alama za viatu vya watu waliokwenda kuswali wakaniachia mimi ulinzi.

“Mungu akubariki,” nikamwambia.

Nikakata simu nikabaki nimesimama, mkono bado uko kwenye mpira. Pazia la mama likasogea.

“Baba yako alikuwa anatangulia yeye kumpa pole mgeni,” akasema kwa sauti ile ya eda. “Wewe umengoja upewe. Haya, fungua upesi utoe hewa. Watu wanatoka msikitini.”